Nyumba Nzuri ya Mchana

Saa tatu na robo usiku, siku ya Alhamisi, stima, yaani umeme, ilipotea Kilimani, mtaa mmoja wa Nairobi. Ghorofa ya saba, chumba kikawa giza totoro, isipokuwa taa mbili ndogo za kijani kwenye ruta. Ndugu yangu alikuwa ameichomeka kwenye betri ndogo mchana wa siku hiyo hiyo. Kompyuta ilikuwa na chaji ya kutosha. Baada ya sekunde chache taa za koridoni zikarudi na lifti ikasikika ikipanda, maana yake jenereta ya jengo imeshika. Kwake yeye hakuna kilichoharibika, akaendelea kuzungumza na wateja wanane walioko Toronto, ambako ilikuwa saa nane na robo mchana. Alizungumza dakika nzima na nusu kabla ya kugundua kwamba anajisemea mwenyewe. Ruta inawaka, intaneti haipo.

Alinipigia simu. "Kaka, betri ipo, ruta ipo, stima ya koridoni ipo. Sasa kinachokosekana ni nini?"

Sikuwa na jibu. Tulilipata siku nne baadaye, ghorofa ya chini, nyuma ya mlango wa keateka, yaani mtunzaji wa jengo. Nimeona kisa hiki kiandikwe chote, maana wanaokuja Nairobi kufanya kazi za mbali wanaongezeka na karibu wote wanachagua nyumba kwa njia ile ile tuliyoitumia sisi. Mwenyewe amekubali, mradi nisimtaje jina wala nisitaje jengo.

Ni binti ya mama mdogo, mzaliwa wa Tanga. Kazi yake ni kuwafundisha wateja wa kampuni moja ya Kanada kutumia programu ya hesabu, kwa sauti na video, moja kwa moja, Jumatatu hadi Ijumaa. Mwaka 2025 alijiambia kwamba kama kazi haina ofisi, naye halazimiki kukaa Tanga mwaka mzima. Juni hadi Agosti Nairobi, kisha Kigali.

Kuingia nchini hakukumsumbua. Mtanzania ni mwananchi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, haombi ile ruhusa ya kuingia ya mtandaoni, eTA, iliyoanza Januari 2024. Anayetoka mbali zaidi na kutaka kukaa sana huku akimfanyia kazi mwajiri wa nje ana kibali cha daraja N, ambacho Kenya ilikianzisha mwaka huo huo wa 2024 kwa watu wa aina hii. Na atakayefikisha siku 183 ndani ya mwaka mmoja ajue anahesabiwa mkazi kwa mambo ya kodi. Hayo yana wataalamu wake. Nayataja kwa sababu muda wa kukaa ndio unaoanza kukuchagulia nyumba kabla hujafungua picha hata moja. Miezi mitatu ni muda mbaya: mrefu mno kwa hoteli, mfupi mno kwa mwenye nyumba wa kawaida anayetaka mpangaji wa mwaka. Ukiwa hapo katikati, unajikuta kwenye nyumba za BnB, zile za kukodi kwa muda mfupi, zenye vyombo, mashuka na picha zilizopigwa jua likiwa upande mzuri.

Mimi ndiye niliyemwambia Kilimani. Ninaijua Kilimani ya Jumamosi asubuhi, ninapokwenda Yaya Centre kununua vitu viwili vitatu na kurudi kwa miguu chini ya miti. Miaka kumi na miwili nimekaa jiji hili na sijawahi kulala Kilimani hata usiku mmoja. Hilo sikumwambia, kwa kuwa mwenyewe sikuwa nimelifikiria.

Alichagua akiwa Tanga. Tangazo lilisema kuna intaneti ya kasi, jenereta, lifti, maji saa zote, meza ya kazi, ulinzi usiku na mchana. Bei ya mwezi shilingi 98,000 za Kenya, imepunguzwa kutoka bei ya kulala kwa siku. Akalipa mwezi mzima. Na niseme kwa haki: katika tangazo lile hapakuwa na neno moja la uongo. Kila kilichoandikwa kilikuwepo. Ndiyo maana kisa hiki kina cha kuchambua. Tapeli angetumalizia mapema.

Tatizo la kwanza lilikuwa saa. Toronto wakati wa kiangazi chao iko nyuma yetu kwa saa saba. Wao wakiingia kazini saa tatu asubuhi, kwetu ni saa kumi jioni. Wakitoka, kwetu ni saa sita usiku. Novemba wakirudisha saa nyuma, kila kitu kinasogea mbele saa moja zaidi. Kwa hiyo ndugu yangu hakuwa anatafuta nyumba Nairobi. Alikuwa anatafuta nyumba ya Nairobi kuanzia saa kumi jioni mpaka saa sita usiku, ambayo ni nyumba nyingine kabisa. Anayefanya kazi na Berlin, tunayopishana nayo saa moja au mbili tu, angeweza kuipenda nyumba ile ile na kuisifu.

Maana mchana ilikuwa kimya. Lakini mita kama mia mbili hivi nyuma ya jengo kulikuwa na klabu, na kuanzia Jumatano jioni besi ilianza kutembea kwenye ukuta. Muziki wenyewe hukuusikia. Ulisikia ule mdundo tu, kama mtu anayetwanga kisamvu chumba cha pili na hamalizi. Kipaza sauti cha masikioni kilichuja kelele nyingi, ila mdundo ulipita. Mteja mmoja alimwuliza kwa upole kama kuna ujenzi unaendelea. Kenya ina kanuni za kelele tangu mwaka 2009, na mwishoni mwa 2022 Gavana wa Nairobi, Johnson Sakaja, alitangaza kwamba vilabu vya usiku vilivyo ndani ya makazi vinyang'anywe leseni. Unaweza kulalamika, na wakazi wengine wamefanikiwa. Lakini aliyekuja kwa miezi mitatu atahama kabla barua yake haijajibiwa.

La pili ni jenereta. Neno hilo kwenye matangazo ya Nairobi lina maana mbili na hakuna anayekuambia ni ipi. Kuna jenereta ya jengo zima, inayowasha mpaka friji lako. Na kuna jenereta ya lifti, koridoni, geti na pampu ya maji. Ya pili ndiyo iliyozoeleka, na hakuna kosa, kwa kuwa dizeli ni ghali. Ila unaposoma neno "jenereta" ukiwa Tanga, unaona kompyuta yako ikiwaka.

Alipogundua hivyo, hakulia. Tulikwenda Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki ambako kila ngazi ina fundi, akanunua betri ya ruta kwa shilingi 3,500. Hesabu yake ni rahisi: ruta ya nyumbani hula wati kumi hivi, na betri ya watisaa arobaini itaibeba karibu masaa manne. Akaichomeka Alhamisi mchana. Jioni ile ile yakatokea niliyoanza nayo.

Sasa turudi kwa keateka, mzee mmoja mtaratibu wa Kitui. Siku tatu nilikuwa nimempigia simu kuomba kuona mitambo ya intaneti, na siku tatu ufunguo ulikuwa na mtu mwingine. Jumatatu ndugu yangu aliteremka mwenyewe, akasimama mlangoni, akasema, "Shikamoo, mzee." Nairobi ukimwamkia mtu shikamoo unaweza kujibiwa "poa sana", nimeyaona. Mzee alinyamaza kidogo, akasema "marahaba" taratibu, kama mtu anayetafuta kitu kabatini, akafungua mlango.

Ukutani kulikuwa na sanduku la chuma, kubwa kiasi cha sinia, na waya za bluu zikitoka kama nywele: moja kwa kila nyumba ya jengo. Sanduku lilichomekwa kwenye ekstensheni ya soketi nne. Soketi ya pili ilikuwa na chaja ya simu ya mzee, ya tatu birika la chai, ya nne ilikuwa imeungua. Ekstensheni yenyewe ilikula stima ya kawaida. Jenereta haikuifikia. Stima ikipotea, sanduku linazimika, na nyumba zote ghorofa zote zinakosa intaneti, uwe na betri usiwe nayo. Na mzee alituambia bila hiana kwamba siku za kupiga pasi huchomoa "hiyo ya mtandao" kidogo, kisha huirudisha.

Hapa ndipo pa kusimama. Intaneti huingia kwenye maghorofa yetu kwa namna mbili. Katika namna ya kwanza, uzi wa kioo unakuja mpaka ndani ya nyumba yako, na njiani unagawanywa na vigawanyio visivyohitaji stima. Betri yako ukiiweka kwenye kifaa cha ukutani na kwenye ruta, jengo lote likiwa giza wewe uko hewani. Katika namna ya pili, uzi wa kioo unaishia sanduku la chini, na kutoka hapo ni waya wa shaba mpaka kwako. Sanduku hilo linahitaji stima saa zote. Kwenye namna hii betri yako ya juu ni pambo. Kujua ni ipi hakuhitaji ufundi: fuata waya kutoka kwenye ruta mpaka ukutani. Ukikuta uzi mwembamba unaoingia kwenye kijisanduku chenye taa, ni ya kwanza. Ukikuta waya mnene wenye plagi ya plastiki angavu unaotoka moja kwa moja kwenye tundu la ukuta, uliza sanduku liko wapi na limechomekwa wapi. Mwenye nyumba ile ya Kilimani, nadhani, hajui mpaka leo.

Na ile "kasi"? Alipima: megabiti 38 za kupakua mchana. Namba nzuri ya kuweka kwenye tangazo, na haina maana kubwa kwa kazi yake. Mkutano wa video wenye picha safi hauli hata megabiti nne kwa sekunde. Kinachohitajika ni kasi ya kupakia, na zaidi ya hapo utulivu. Sauti yake inatoka Nairobi, inateremka Mombasa, inaingia kwenye nyaya za chini ya bahari na ina safari ndefu mpaka ng'ambo ya Atlantiki. Ikichelewa kwa kipimo kile kile kila mara, mteja huzoea. Ikiyumbayumba, maneno hukatika. Usiku, jengo zima likiwa limefungua filamu, kupakia kulishuka mpaka megabiti moja na kitu. Kuna mabaya ambayo hakuna nyumba itakayokuokoa nayo, kama ilivyokuwa tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika na ukanda wote ukayumba. Lakini sanduku lililochangia soketi na birika la chai si bahari.

Kabla ya kuhama alijaribu kubaki Kilimani kama mahali pa kulala tu, huku akifanya kazi kwenye ofisi ya kulipia kiti, katikati ya mji. Kwa mtu wa saa za Ulaya, mpango huu ni mzuri na pengine ndio bora. Kwake uligoma mara mbili. Ofisi ilifunga saa mbili usiku, kazi ikiwa nusu. Halafu ikaja Jumatatu ya tarehe 7 Julai, Saba Saba, ambayo Kenya ni siku ya kumbukumbu ya maandamano, polisi wakafunga barabara za kuingia mjini tangu asubuhi. Kiti kilikuwa kimelipiwa, hakuna wa kukifikia. Siku hiyo alifundisha kwa intaneti ya simu akiwa amekaa sakafuni bafuni kwangu, mahali pekee ambapo watoto wangu hawakusikika.

Mtaa wa Roysambu ulikuwa nusu bei. Tulikwenda kuona mbili. Hapo tulizungumza jambo ambalo wanaume wengi tunaopendekeza nyumba hulisahau. Januari 2024, ndani ya wiki mbili, wanawake wawili waliuawa katika nyumba za muda mfupi hapa Nairobi, na tarehe 27 mwezi huo wanawake wakajaa barabarani kupinga mauaji hayo. Tangu hapo majengo mengi yamekaza geti: kitambulisho, picha, jina la mgeni wako. Ndugu yangu hakuuliza mtaa una sifa gani. Aliuliza funguo ngapi ziko nje, namba ya siri ya mlango inabadilishwa lini, na kama mlango una komeo la ndani. Nyumba ya kwanza haikuwa na komeo. Ya pili ajenti alicheka swali. Tukashuka ngazi.

Nyumba ya mtaa wa South C tuliipata kwa mdomo, si kwa mtandao: mama mmoja, ambaye mumewe tunaswali naye msikiti mmoja, ana jengo la ghorofa tatu, na binti yake amekwenda kusoma, nyumba imebaki na vyombo vyake. Alitaka shilingi 60,000 kwa mwezi na depositi ya mwezi mmoja. Hakuna lifti. Meza ilikuwa ya kulia chakula na kiti kilikuwa cha mbao, kibaya kabisa. Kwenye picha ungeipita bila kusimama.

Safari hii tulikwenda kuiona saa tatu usiku. Mama mwenye nyumba alishangaa, "Mwanangu, mbona usije mchana ukaona vizuri?" Akajibiwa, "Shikamoo mama. Mchana nitakuwa nimelala."

Tulikaa sebuleni dakika tano bila kusema neno. Zilisikika sahani za jirani na televisheni, basi. Nilizima swichi kuu ya stima nyumba nzima, mama akiwa amesimama na tochi ya simu, akisema hajawahi kuona wapangaji wa namna hii. Ruta ya binti yake ilikuwa bado imo, na uzi mwembamba wa kioo ulifika mpaka ndani. Betri yetu ya Luthuli tuliibeba mfukoni. Tuliiunganisha, ikashika, intaneti haikutikisika. Kisha ndugu yangu akampigia mfanyakazi mwenzake wa Toronto kwa video, akaenda nayo chumba kwa chumba kwa dakika ishirini. Kwangu mimi jaribio hilo moja linazidi vipimo vyote vya kasi. Usipime intaneti, ifanyie kazi yenyewe, saa yenyewe, na mtu mwenyewe.

Mimi nilishuka kwa mlinzi wa usiku. Mwenye nyumba atakuambia kuhusu nyumba, mlinzi atakuambia kuhusu usiku. Alisema stima hupotea, "si sana, lakini ikipotea ni masaa." Maji ya mfereji yana siku zake za wiki, yakikosekana kuna kisima. Ya kisima tuliyaonja, yana chumvi. Na maji ya chini ya ardhi ya Nairobi yanajulikana kwa floridi nyingi, kwa hiyo ya kunywa ni ya kununua. Alisema pia, bila kuulizwa, "Shida ya hapa ni ndege."

Uwanja wa Wilson uko pua na mdomo na South C, na asubuhi ndege ndogo za kwenda Maasai Mara na kwingineko hupaa moja baada ya nyingine. Ndugu yangu hulala saa nane za usiku. Alifikiri kidogo, akaniambia: kelele ya Kilimani ilikuwa inaingia kwenye mshahara, hii itaingia kwenye usingizi, na usingizi ni wangu. Akanunua vizibo vya masikio duka la dawa.

Fedha ziliuma. Kilimani alikaa siku kumi na sita tu kabla ya kuhamia kwangu, na mwenye nyumba hakurudisha hata shilingi: mwezi ulilipwa ni mwezi. Hakuna sheria ya kumkimbilia kirahisi, maana ile ya kudhibiti kodi za nyumba inawahusu wenye kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kosa hilo tulilifanya Tanga, si Nairobi. Angelipia siku tano kwa bei ya juu, akazitumia kutafuta, angepoteza kidogo. Kwa South C tuliandika karatasi moja kwa Kiswahili, sahihi mbili: depositi irudi ndani ya siku saba, notisi wiki mbili, tokeni za stima juu ya mpangaji. Hizo tokeni tulizidharau. Julai Nairobi ni baridi ya kumtia mtu wa Tanga adabu, na hita ya kuogea ilikula mpaka akawa anaoga mara moja kwa siku, jambo ambalo kwao ni habari ya kusimuliwa. Kiti cha mbao kilidumu siku mbili. Akapata cha ofisi, cha mtumba.

Alhamisi ya kwanza South C sikupigiwa simu. Saa sita na nusu usiku ulikuja ujumbe: "Stima imepotea saa mbili unusu, imerudi saa nne. Hawajajua."

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi ukaja mwingine: "Kaka. Ndege." Na baada ya dakika tatu: "Nyingine hiyo."